Baba kijani, bibi apunguze, mtoto aongeze: BMI ya nyumba nzima kwa jedwali moja

Barua

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Tanga, kazi yangu ushonaji. Nyumbani kwangu hakukaliki tangu watu wa afya walipokuja kupima bure kwenye uwanja wa shule ya mtaani kwetu, miezi minne iliyopita. Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 12 na mama mkwe wangu wa miaka 72. Tukapandishwa kwenye mzani, tukapimwa urefu, kijana akabonyeza simu yake, kila mtu akapewa kikaratasi chenye namba ya BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, na rangi. Maelezo hatukupata, foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Nyuma ya karatasi kuna jedwali: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, 30 na kuendelea kiribatumbo, yaani unene uliopindukia.

Majibu yetu ni haya. Mume wangu ana miaka 47, ni dereva wa basi la Tanga–Dar, urefu mita 1.72, kilo 73, BMI 24.7, kijani. Mimi mita 1.58, kilo 68, BMI 27.2, njano. Mama mkwe mita 1.50, kilo 60, BMI 26.7, njano. Binti mita 1.49, kilo 39, BMI 17.6, bluu, yaani uzito pungufu.

Basi hapo ndipo balaa lilipoanza. Mume wangu karatasi yake ameibandika ukutani karibu na TV. Nikimwambia apunguze soda, ananyoosha kidole: "Mimi kijani, wewe njano. Nani amshauri mwenzake?" Shangazi, huyu mtu kitambi kinagusa usukani. Suruali namshonea mwenyewe, kiuno inchi 36 miaka yote, kwa sababu anaifungia chini ya tumbo.

Mama mkwe, wifi yangu wa Dar aliposikia namba yake alipiga simu akasema mama apunguzwe kabla hajapata presha. Ugali wa usiku tukauondoa, maziwa tukapunguza, nyama ndiyo hivyo tena, akawa anapewa tunda na chai ya rangi. Wiki iliyopita nimempima kwenye mzani wa duka la dawa: kilo 56. Nimepiga hesabu, ni 24.9. Amekuwa kijani, wifi amefurahi. Lakini siku hizi akikaa kwenye mkeka hainuki mpaka ashikwe, na juzi aliniambia, "Mwanangu, miguu hainitaki."

Binti yeye namshindilia. Asubuhi uji na siagi ya kupaka juu, jioni chipsi. Mwili hauongezeki, anarefuka tu. Shuleni wenzake waliiona karatasi yake, sasa wanamwita Bluu. Jirani kaniletea vidonge vya hamu ya kula, anasema wanawe walinenepa ndani ya wiki mbili. Sijampa, viko kabatini. Hajavunja ungo, ila ameanza kuota matiti.

Nisaidie, Shangazi. Jedwali moja linawezaje kutufaa sote? Mwanamke na mwanaume wanasomwa sawa? Na mimi mwenyewe nipungue kilo ngapi ili niingie kijani, nipate pa kusemea ndani ya nyumba hii?

Mama Fundi, Tanga

Jibu

Marahaba mwanangu.

Wewe umeanza na mumeo, mimi naanza na mama mkwe, maana lake halisubiri. Mrudishieni chakula chake chote leo hii, na wiki hii apelekwe hospitali. Kutoka kilo 60 hadi 56 ni karibu asilimia 7 ya mwili wake. Kwa mzee, asilimia 5 ikipotea ndani ya miezi sita ni dalili inayochunguzwa, hata kama alianza akiwa mnene, hata kama ni nyinyi mliomnyima. Najua mizani hutofautiana, na pengine kilo moja ni tofauti ya mzani wa duka la dawa na ule wa uwanjani. Lakini mzani haumzuii mtu kuinuka kwenye mkeka. Sehemu ya kilichoondoka kwa mama ni misuli, hasa ya mapaja, na mwili wa miaka 72 hauirudishi kwa urahisi kama wako.

Mwambie wifi yako hivi, kwa adabu: kijani cha mama ndicho kinachonitia hofu.

Tuiangalie ile 26.7 yenyewe. BMI ni uzito kwa kilo, ukigawanya kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa urefu uleule. Kwa hiyo urefu ukipungua, namba inapanda hata kama hujaongeza nusu kilo. Na wazee hupungua urefu: vigegedo vya katikati ya pingili za mgongo vinasinyaa, mifupa inadhoofika, mgongo unapinda. Tuseme ujanani mama alikuwa mita 1.54. Kwa kilo zilezile 60 angesoma 25.3, amegusa tu mpaka. Hiyo 1.4 iliyoongezeka hapo haikutokana na ugali.

Halafu mipaka yenyewe. Ile 18.5 hadi 24.9 iliwekwa kwa watu wazima kwa jumla, na ukimchukua mzee peke yake haimkai sawasawa. Mwaka 2014 ulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti za watu karibu 200,000 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Ulionesha kwamba hatari ya kufa ilianza kupanda kwa wale walioshuka chini ya 23, na kwa upande wa juu mpaka walipopita 33 hivi. Mama yako kwa 26.7 alikuwa amekaa mahali pazuri kabisa kwa umri wake. Akiba kidogo mwilini humsaidia mzee siku anapolazwa kwa homa ya mapafu au anapoanguka na kuvunjika nyonga.

Nenda ukampime kwa vitu viwili ambavyo havihitaji simu. Mkalishe kwenye kiti cha kawaida cha kulia chakula, mikono aikunje kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo wewe ukiangalia saa, na usimame karibu naye asianguke. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa kabisa, misuli yake imedhoofika. Cha pili, chukua futi kamba yako upime shavu la mguu pale palipo panene zaidi. Ikisoma chini ya sentimita 31, yaandike yote mawili uende nayo kwa daktari. Huko waombe waangalie sukari, presha, wingi wa damu, meno, na dawa zote anazotumia. Kama ana kikohozi cha wiki mbili au anatoka jasho usiku, mseme mapema ili apimwe kifua kikuu.

Kwenye sahani yake nataka protini, maana ndiyo inayojenga msuli. Mzee anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, kwa hiyo mama yako ni kama gramu 56 hadi 67, isipokuwa daktari akikuta figo zina shida. Yai moja lina gramu kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Tanga mna samaki na dagaa, msiniambie hakuna. Kama meno yanasumbua, samaki achambuliwe, maharage yapondwe, mtindi uwepo. Na zoezi lake liwe lilelile la kiti: asimame, akae, mara chache asubuhi, mara chache jioni, akishika meza mpaka azoee.

Sasa binti. Huyu hana tatizo lolote. Lenye tatizo ni jedwali alilosomewa, kwa sababu lile ni la watu wazima.

Mtoto habaki na umbo moja. Kitoto cha mwaka mmoja ni mviringo, mashavu yamejaa. Kisha anaanza kukonda taratibu mpaka anapofika miaka 5 au 6, ndiyo umri ambao mama wengi wanahangaika na "mtoto wangu hali". Baada ya hapo BMI inaanza kupanda tena mpaka utu uzima. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani lina chati maalumu ya miaka 5 hadi 19, iliyotolewa mwaka 2007, ya wasichana mbali na ya wavulana mbali, kila umri na mstari wake. Kwa wasichana mstari wa katikati ni 16.6 wakiwa na miaka 10, 18.0 wakiwa na miaka 12, 20.2 wakiwa na miaka 15, na 21.4 wakifika 19.

Umeona? Binti yako ana 17.6, katikati ni 18.0. Kwa umri huo tungesema amekonda kama angekuwa chini ya 14.4, na amezidi kama angepita 20.8. Lile jedwali la uwanjani lingewaita nusu ya wasichana wote wa miaka 12 wenye afya njema "uzito pungufu", na zaidi. Ili afike 18.5 angehitaji kilo 41, yaani mbili tu zaidi, na hizo zinakuja zenyewe na umri. Umesema anarefuka na ameanza kuota matiti. Huo ni mwili unaofanya kazi yake: kubalehe kumeanza, mifupa inavuta, na kabla ya kuvunja ungo na baada yake ataanza kujaza nyonga na mapaja bila kusukumwa na mtu.

Kosa hilohilo huumiza kwa upande wa pili pia, tena kimyakimya, kwa sababu kijani hakimshtui mzazi. Mvulana wa miaka 10 mwenye BMI 22 jedwali la watu wazima linampa kijani, wazazi wanarudi nyumbani wakichekelea. Chati ya umri wake inasema kuanzia 21.4 mvulana huyo ameingia kwenye kiribatumbo. Mwenye mtoto chini ya miaka 20 akipewa namba bila kuulizwa umri kwa miaka na miezi, na jinsia, airudishe hiyo karatasi.

Wale wa chini ya miaka mitano wana kadi yao ya kliniki, na hiyo ndiyo ya kufuata. Mistari yake ilitokana na watoto waliofuatiliwa katika nchi sita, Brazili, Ghana, India, Norwei, Marekani na Oman, kwa hiyo nyinyi wasomaji wangu wa Muscat mjue watoto wa kwenu wamo humo.

Vidonge vya jirani vitoe kabatini, usimpe hata kimoja. Vingi vinavyouzwa kwa jina la hamu ya kula au kuongeza mwili huwa na siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio inayolewesha usingizi, au deksamethasoni, ambayo ni steroidi. Hiyo ya pili inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa na kumdumaza mtoto aliye katikati ya kurefuka. Huenda watoto wa jirani "walinenepa" kwa wiki mbili kwa sababu hiyo, na mama yao naye anahitaji kuambiwa. Kama wamemeza kwa muda mrefu asikatishe ghafla, awapeleke kwa daktari na pakiti mkononi, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi unaweza kuzimika ukiikosa mara moja.

Uji endelea nao, ila siagi ya juu iache, na chipsi za kila jioni ziache kabisa. Unamfundisha kula akiwa ameshiba, na miaka mitatu ijayo utaniandikia barua nyingine. Mpe chakula cha familia, matunda, maziwa, na nyama au dagaa au mboga za majani zenye madini ya chuma, kwa sababu akianza hedhi atayahitaji. Kuhusu jina la Bluu, nenda ukaonane na mwalimu wa darasa. Msichana wa miaka 12 aliyeambiwa mbele ya wenzake kwamba mwili wake una kasoro hasahau upesi, na pale hakukuwa na kasoro yoyote.

Haya, umeniuliza jedwali moja linawezaje kuwafaa wote. Hesabu hii aliitoa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa nyota na takwimu. Hakuwa daktari, wala hakuwa anatafuta nani mgonjwa. Alitaka kumjua binadamu wa wastani, akaona kwamba kwa watu wazima uzito hufuatana na urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, mwaka 1972, pale Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha hesabu mbalimbali kwa kutumia wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanaume watupu, mwanangu, hakuna mwanamke hata mmoja, mtoto wala bibi.

Simaanishi haifai. Kwa kuangalia taifa zima ni nzuri na rahisi: ndiyo iliyotuonesha, kwenye utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015–16, kwamba asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kwa mtu mmoja mmoja ni kama sare za shule zinazonunuliwa kwa jumla: wengi zitawakaa, lakini wewe fundi unajua ni wangapi watakuja kwako kupunguziwa na kuongezewa.

Inachoshindwa kabisa ni kujua kilo zimekaa wapi, na zimetengenezwa na nini. Hapo ndipo tunamkuta mumeo.

Mtu anayekaa kwenye usukani mchana kutwa hupoteza misuli ya miguu na makalio mwaka hadi mwaka, na tumbo linajaza nafasi hiyo. Kilo tano za msuli zikiondoka na kilo tano za mafuta zikiingia, mzani unasoma vilevile, BMI vilevile, kijani vilevile. Mchukue mbebaji wa mizigo pale bandarini kwenu, urefu uleule wa 1.72, kilo 82 za mabega na mapaja. BMI yake 27.7, njano, na tumbo lake ubao. Ukiniuliza nani kati ya hao wawili apimwe sukari kwanza, sitafikiri mara mbili.

Mafuta ya kitambi hayako chini ya ngozi tu. Mengi yamejibana ndani, yamezunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yanayoifanya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, isifanye kazi vizuri, yanayopandisha presha na lehemu (kolesteroli). Kwa hiyo mwenzangu acha kugombana naye kuhusu karatasi ya ukutani, mpime kiuno.

Lakini usimpime kama unavyompimia suruali. Hiyo inchi 36 yako, ambayo ni sentimita 91, ni mahali mkanda unapopita chini ya tumbo, na ndiyo maana imebaki 36 miaka yote huku mtu akizidi kutuna. Avue shati, asimame miguu ikiwa imeachana kidogo. Tafuta kwa kidole mwisho wa mbavu upande mmoja, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, weka alama katikati. Futi kamba ipite hapo mzunguko mzima, isimkabe, isilegee, isomwe akiwa ametoa pumzi ya kawaida. Asivute tumbo ndani, na atavuta, nakwambia, kwa hiyo mpigishe hadithi kwanza.

Kwa mwanaume, sentimita 94 na kuendelea ni hatari iliyoongezeka, 102 na kuendelea ni kubwa. Ukipenda njia fupi, kiuno kisifike nusu ya urefu, na nusu ya urefu wa mumeo ni 86. Kwa jinsi ulivyonieleza habari za usukani, sitashangaa ukikuta namba inakaribia 100. Sio mimi peke yangu ninayesema hivi: mwaka 2023 chama cha madaktari cha Marekani kilitamka kwamba BMI peke yake haitoshi kumpima mgonjwa, na Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa likapendekeza kwamba isitumike peke yake kumwita mtu mwenye kiribatumbo, iongezewe kipimo kama cha kiuno.

Nawe je? Jedwali la watu wazima linatumia mipaka ileile kwa mke na mume, ila miili iliyo ndani ya mipaka hiyo haifanani. Kwa BMI ya 25, mwanaume anaweza kuwa na mafuta takriban robo ya uzito wake, mwanamke takriban theluthi, na wote wawili wakawa wazima. Homoni ya kike huyapeleka mafuta hayo kwenye nyonga, mapaja na makalio, ambako hayana madhara makubwa kama yale ya tumboni. Hii ni akiba ya ujauzito na kunyonyesha. Hedhi ikikoma mambo hugeuka, mafuta yanahamia tumboni hata kwa mwanamke ambaye uzito wake haujabadilika, na wengi wanagundua siku gauni la zamani linapokataa kufunga kiunoni wakati nyonga bado linapita. Wewe una miaka 41, bado unalo la kuliandaa.

Kwa hiyo jipime kiuno kwa njia niliyokueleza. Kwa wanawake mipaka ni sentimita 80, kisha 88, na nusu ya urefu wako ni 79. Pima na nyonga palipo panene, ugawe kiuno kwa nyonga. Ukipata chini ya 0.85 mafuta yako yamekaa zaidi chini. Ukikuta kiuno 81 au 82, hiyo ni ishara ya kuanza kutembea haraka nusu saa siku tano za wiki na kuinuka cherehanini kila baada ya muda, basi. Hakuna haja ya kujinyima. Kuingia kijani ungehitaji kushuka chini ya kilo 62 na nusu, na mimi sikutumi huko. Asilimia 5 ya uzito wako ni kama kilo tatu na nusu. Kwa mtu ambaye presha au sukari yake imeanza kupanda, hizo peke yake huleta tofauti inayoonekana kwenye vipimo. Kama ulishawahi kuwa na sukari ya ujauzito, au nyumbani kwenu kuna kisukari, nenda ukapime hata kama kiuno ni 75.

Wasomaji wenye asili ya Kihindi, ambao Tanga, Zanzibar na Mombasa mko wengi, msisubiri 25. Miili yenu huelekea kuweka mafuta tumboni mapema zaidi, na wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri mwaka 2004 kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kwenye 23. Na mwenye mimba asijipigie BMI hata kidogo. Inayotumika ni ya kabla hajashika mimba.

Umesema unataka pa kusemea ndani ya nyumba. Usitafute kijani ili umshinde mumeo kwa hoja yake mwenyewe. Nendeni wote wawili kupima, siku asiyokuwa na safari. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi itarudiwa siku nyingine kabla ya kuitwa ugonjwa. Sukari ya kufunga, kwa milimoli kwa lita, chini ya 6.1 ni salama, 6.1 hadi 6.9 ni onyo, 7 na kuendelea itarudiwa ili kuthibitisha kisukari. Kipimo hicho kinataka mtu awe hajala wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa saa nane, kwa hiyo mtoke nyumbani alfajiri kabla hajaomba chai.